Tozo, mkopo na shilingi ya mbunge

Jioni hii nataka tumzungumzie mbunge mmoja na hesabu yake. Mbunge huyo ni marehemu Job Ndugai, aliyeiwakilisha Kongwa bungeni tangu mwaka 2000 na kukalia kiti cha Spika wa Bunge la Tanzania kuanzia Novemba 2015. Wengi wanamkumbuka kwa namna alivyokiacha kiti hicho. Mimi sina haja kubwa na kiti. Nina haja na swali aliloliuliza mwishoni mwa Desemba 2021, kwa sababu wakubwa waligombana juu ya muulizaji, na swali lenyewe likabaki pale pale lilipoulizwa.

Aliuliza hivi, kwa ufupi: kati ya kubanana sisi wenyewe kwa tozo tukajenga shule na barabara zetu, na kwenda kukopa kila mwaka, kipi bora kwa nchi iliyotimiza miaka 60 ya uhuru? Akaongeza kwamba deni limefika trilioni 70, na kwamba kwa mwendo huo ipo siku nchi itapigwa mnada.

Neno la mnada ndilo lililoruka mitandaoni. Lakini ili umwelewe mtu huyu, lazima urudi nyuma miezi sita, kwenye Bunge la bajeti.

Juni 2021 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alisoma bajeti ya kwanza ya Rais Samia Suluhu Hassan. Ndani yake mlikuwa na mambo matatu yaliyogusa mfuko wa kila mtu. Kodi ya jengo ikahamishiwa kwenye LUKU, yaani ikawa inakatwa mtu anaponunua umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Lita ya petroli na ya dizeli ikaongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Na kuanzia Julai 15 mwaka ule, kila muamala wa kutuma au kutoa pesa kwa simu ukawekewa tozo, shilingi 10 kwa kiasi kidogo kabisa hadi shilingi 10,000 kwa kiasi kikubwa. Wabunge wakapiga makofi, wakapitisha.

Sasa mtu wa kawaida anajiuliza, hawa wawakilishi wetu waliona nini hadi wakakubali? Jibu langu ni kwamba waliona barabara. Ukitaka kumjua mbunge, msikilize anapochangia bajeti ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, au ya Ujenzi. Anamshukuru Mungu, anamshukuru Rais, anawasalimu wapiga kura wake, kisha anaanza: Mheshimiwa Spika, barabara yangu ya kutoka kata fulani hadi kata fulani imekatika, mvua imebeba daraja, akina mama wanajifungulia njiani. Akimaliza anaonya kwamba asipopata majibu ya kuridhisha atashika shilingi. Kwa msikilizaji wetu wa Mombasa au Bujumbura, kushika shilingi ni kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa waziri, ili waziri asiipate bajeti yake mpaka ajieleze. Kwa kawaida waziri anasimama, anaahidi, na shilingi inaachiliwa.

Na hao wabunge hawakuwa wakilalamika bure. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianzishwa mwaka 2017, na mtandao wake wa barabara una zaidi ya kilomita 140,000, nyingi za udongo na changarawe. TANROADS, wenye barabara kuu na za mikoa, wana kilomita kama 36,000. Fedha za Mfuko wa Barabara zilikuwa zikigawanywa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA. Yaani mwenye barabara mara nne zaidi alikuwa anapewa shilingi tatu katika kila kumi. Barabara kuu zina malori mazito na lami ghali, hilo nalikubali. Lakini viazi havikuoteshwa kando ya barabara kuu. Vinaanzia kule kwenye tope.

Kwa hiyo ile shilingi 100 ya lita naiunga mkono, na niliiunga mkono tangu mwanzo. Ni kodi iliyopangwa vizuri: anayetumia barabara analipa kadiri anavyoitumia, na fedha inajulikana inakokwenda. Inauma nauli ikipanda, lakini unaweza kuitetea mbele ya mkutano wa kijiji.

Tozo ya miamala ilikuwa kitu kingine kabisa, na hapa ndipo ninapoachana na marehemu Spika, maana yeye aliitetea kwa nguvu zote.

Tazama kwanza ilikopachikwa. Iliingizwa katika Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Sheria ile ilitungwa ili Benki Kuu isimamie watoa huduma za malipo, na kazi yake kubwa kwa mtu wa chini ni moja: kila shilingi unayoiona kwenye simu yako iwe na shilingi halisi iliyowekwa benki kwenye akaunti ya amana, kampuni isiiguse kwa shughuli zake. Kwa maneno mengine, ni sheria ya kukulinda wewe. Mwaka 2021 sheria hiyohiyo ya kulinda pesa yako ikageuzwa kuwa mlango wa kuikatia. Waliotuambia kwa miaka tuache kuficha noti chini ya godoro na tuweke kwenye simu kwa usalama ndio hao hao waliokuja na mkasi.

Pili, tazama inachokata. Kodi nyingi zinakata kilichopatikana: mshahara, faida, bidhaa iliyonunuliwa. Tozo hii ilikata pesa kwa kosa la kutembea. Mama wa Tandika, Dar es Salaam, anamtumia mwanawe aliyeko chuo Iringa shilingi 20,000. Anakatwa anapotuma, mtoto anakatwa anapotoa, na ada ya kampuni ipo pale pale juu yake. Hakuna aliyepata faida katika safari hiyo, ni pesa ileile ya chakula. Mwaka ule wa kwanza, mwenye mamilioni yake aliyehamisha kutoka akaunti moja ya benki kwenda nyingine hakuguswa na tozo hii. Ilipofika zamu ya benki mwaka 2022, wafanyakazi wakapiga kelele kwamba wameshakatwa kodi ya mshahara na sasa wanakatwa tena wakienda kuuchukua. Kelele za wenye akaunti zilisikika upesi kuliko za mama wa Tandika. Nalisema hilo bila kufurahi.

Watu wakafanya walichojua kufanya: wakarudi kwenye noti. Bahasha zikapewa makondakta wa mabasi. Mawakala wakakaa vibandani wakitazama barabara. Serikali nayo ikaanza kurudi hatua kwa hatua. Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Oktoba 2022 zikafutwa baadhi ya tozo, zikiwemo za kuhamisha pesa kati ya benki na simu. Bajeti ya 2023/24 ikaondoa ile ya kutuma kwa simu, ikabaki ya kutoa. Na bajeti hiyohiyo ikaongeza shilingi nyingine 100 kwenye lita ya mafuta, kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Mkono ulioachia simu ukashika pampu.

Turudi Desemba 2021. Wakati Spika anasema maneno yake Dodoma, mambo mawili makubwa ya fedha yalikuwa mezani. La kwanza ni ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19, dola milioni 567, sawa na shilingi trilioni 1.3. Ndio uliojenga madarasa 15,000 kwa muda mfupi, na wanafunzi wa kidato cha kwanza wa Januari 2022 waliingia humo rangi ikiwa mbichi. La pili ni reli ya kisasa: siku zilezile ulisainiwa Ikulu mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, kwa dola bilioni 1.9.

Kilichofuata unakijua. Januari 3 Ndugai akawaita waandishi wa habari na kumwomba radhi Rais. Januari 4 Rais, akipokea taarifa ya matumizi ya zile fedha za UVIKO, akasema hakutarajia maneno yale kutoka kwa kiongozi wa mhimili unaopitisha bajeti, kwamba kukopa hakukuanza na awamu yake, na kwamba nyuma ya maneno yale anaiona homa ya uchaguzi wa 2025. Januari 6 Ndugai akajiuzulu uspika. Februari 1 Dk. Tulia Ackson akachaguliwa kushika nafasi hiyo. Ndugai akarudi viti vya kawaida kama mbunge wa Kongwa, hadi alipofariki Agosti 2025.

Siku zote hizo, kila niliyemsikia alikuwa anauliza nani yuko nyuma ya nani. Sikumsikia mtu akichukua kalamu na karatasi. Basi tuichukue sisi.

Aliyekosea zaidi katika hesabu ile alikuwa Ndugai mwenyewe, pale alipoweka mikopo yote kwenye kapu moja. Mkopo ule wa trilioni 1.3 ulikuwa na vipande viwili. Theluthi moja ilitoka kwenye dirisha la nchi maskini, lisilo na riba, ambalo hulipwa kwa miaka 10 na malipo huanza baada ya miaka mitano na nusu. Theluthi mbili zilitoka kwenye dirisha la dharura, lenye riba nafuu lakini linalotaka fedha yake irudishwe yote ndani ya miaka mitano. Ukiutazama kwa jicho la mkopaji, huo si mkopo wa kupigiwa mnada. Swali lake ni la muda: darasa litasimama miaka hamsini, na sehemu kubwa ya deni lake inalipwa kabla yule mtoto wa kidato cha kwanza hajamaliza kidato cha sita. Fedha ya haraka inakuja na marejesho ya haraka. Hilo lingefaa kujadiliwa.

Reli ni habari nyingine. Februari 2020, enzi za Rais Magufuli, Tanzania ilisaini mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered, kwa ajili ya vipande vya Dar es Salaam hadi Makutupora. Huo ni mkopo wa kibiashara, ingawa ulipata dhamana za mashirika ya serikali za Denmark na Sweden. Wakati ule wimbo majukwaani ulikuwa kwamba tunajenga kwa fedha zetu za ndani. Na ndani ya hizo fedha za ndani kwenye vitabu vya bajeti kuna mikopo pia, ile ya hatifungani inayochukuliwa kwa benki zetu na mifuko yetu ya pensheni. Spika alikuwa Ndugai. Bajeti zote zile zilipita mbele ya kiti chake, na deni halikuzaliwa mwaka 2021.

Kuna kitu kimoja ambacho yeye hakukigusa, na wasemaji wa serikali hawapendi kukigusa: sarafu. Reli inakopewa kwa dola, tiketi ya Dar hadi Dodoma inauzwa kwa shilingi. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024, treni ilipoanza kubeba abiria, ilikuwa imevuka 2,600. Kwa kila dola bilioni moja tunayodaiwa, hiyo ni nyongeza ya shilingi bilioni 300, bila kuongezwa hata taruma moja la reli. Wataalamu wa Hazina watakuambia deni ni himilivu, na kwa vipimo vyao wako sahihi. Lakini himilivu ni neno la mtu anayeangalia nchi nzima kwa mbali. Mbunge anatakiwa aulize: ni nini kitapungukiwa mwaka ambao shilingi imeshuka?

Na hapa ndipo nilipotaka tufike. Kwa nini mbunge haulizi?

Katiba, ibara ya 138, inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge au kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Kwa hiyo kila sheria ya tozo inapita bungeni kifungu kwa kifungu, inasomwa, inaandikwa magazetini, na wewe msikilizaji unamjua aliyesema ndiyo. Mkopo una njia yake. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali. Bunge linapitisha jumla katika bajeti, kwamba mwaka huu tutakopa ndani kiasi hiki na nje kiasi hiki. Mkataba wenyewe, wenye riba, sarafu na tarehe za marejesho, hauji kupigiwa kura.

Matokeo yake ni kwamba kodi inagombaniwa mchana kweupe na mkopo unapita ukiwa umevaa koti la jumla. Mbunge mwenye akili ya siasa atachagua nini? Atachagua kinachompa barabara bila kumpa lawama. Kodi ya mwaka huu anaulizwa mwaka huu. Kodi ya kulipia mkopo wa mwaka huu ataulizwa mbunge mwingine, miaka kumi na mitano baadaye. Ndiyo maana nasema Ndugai, pamoja na makosa yake ya hesabu, alikuwa mtu wa ajabu kidogo kwenye kada ile: alitetea hadharani kitu kinachochukiwa na akakishuku kinachopendwa. Alichagua tozo mbaya ya kuitetea, lakini alikuwa anaielekea hoja yenyewe.

Kosa la swali lake ni lile "au". Tozo au mkopo. Hakuna "au" hapo. Angalia majirani zetu wa Kenya. Julai 2024 waliipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Kisha zile shilingi 7 za nyongeza wakaziweka rehani: wakachukua fedha nyingi kwa mkupuo ili kuwalipa makandarasi waliokuwa wamesimamisha kazi, na wenye fedha watajilipa kutoka kwenye kila lita itakayouzwa miaka ijayo. Tozo hiyo imekuwa mkopo. Na kila mkopo, ukiufuata hadi mwisho wake, unakutana na mtu amesimama kwenye pampu au kwa wakala.

Kwetu nako kumeanza jambo linalofanana, na nalitazama kwa hamu kuliko ugomvi wowote wa Dodoma. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliingia sokoni na hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53, ya miaka 10, riba asilimia 13.5, ili kupanua huduma ya maji. Ilipata zaidi ya ilichoomba. Mwishoni mwa mwaka uleule Benki ya CRDB ikatoa hatifungani ya miundombinu iliyopewa jina la Samia, miaka mitano, riba asilimia 12, kiwango cha chini shilingi 500,000, ikitafuta bilioni 150. Ikapata zaidi ya bilioni 320. Fedha hizo ni za kuwakopesha makandarasi wanaofanya kazi za TARURA, ili wasisubiri malipo ya serikali huku mitambo imelala.

Ndugai alitaka tubanane hapa hapa. Kumbe watu walikuwa tayari kubanana, kwa sharti la kulipwa riba na kwa karatasi inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hakuna aliyekatwa kwa lazima. Deni liko kwa shilingi, kwa hiyo dola ikipanda haliongezeki. Hilo ni zuri na nalisifu. Ila mwenye laki tano za kuweka miaka mitano si yule mama wa Tandika, na riba anayolipwa mwekezaji inatoka kwa mkandarasi, na mkandarasi anasubiri TARURA, na TARURA inasubiri ile shilingi 100 ya lita. Mkandarasi akichelewa kulipwa miezi minane, riba yake benki haichelewi. Ataibeba wapi? Ataiweka kwenye bei ya zabuni ijayo, na daraja la milioni mia litaandikwa milioni mia na ishirini.

Bunge la bajeti likikaa tena, na mbunge wako akasimama kuomba barabara, mwache aiombe, ni haki yake na yako. Akimaliza, amuulize waziri TARURA inachukua siku ngapi kumlipa mkandarasi baada ya hati yake kuidhinishwa. Na asipopata jibu lenye tarehe, ashike shilingi, na safari hii asiiachie upesi.